Usukani wa Kushoto: Miaka Yangu Miwili kwenye Meza ya Shifu Liang

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakukuwa na sherehe. Shifu Liang alinipa mkono, akanivua aproni, akaitia kwenye mashine ya kufulia mbele ya macho yangu, kwa hiyo naamini alimaanisha. Mtihani wa mwisho unakuja, na Mama amesema nikiendelea kunusa gundi kila mchana nitaufanya nikiwa nacheka peke yangu.

Naandika haya kwa ajili ya mdogo wangu Tumaini na rafiki yake Salma, waliorithi kiti changu, taa yangu, na kibano ambacho ncha yake moja imepinda kwa sababu ambayo haiwahusu. Habari za kupandishwa vyeo nitaziruka, kwa kuwa sikuwahi kupandishwa. Mshahara nao ulikuwa bakuli la tambi, na tambi hazina historia, zinaliwa zikaisha.

Kwa asiyetujua: Shifu Liang ana chumba ghorofa ya tatu, uchochoroni nyuma ya Mtaa wa Dengfeng hapa Guangzhou, juu ya kibanda cha simu. "Shifu" ndivyo watu wa hapa wanavyomwita fundi aliyekomaa. Yeye hushughulika na magari madogo ya plastiki, yale yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, kila kipande kimepunguzwa mara ishirini na nne kutoka gari lenyewe. Kuunganisha tu si kazi. Hata Tumaini anaweza kuunganisha, akinyamaza dakika kumi. Kazi yetu ni kurekebisha makosa ya kiwanda. Maana viwanda hukosea jamani, na hukosea kwa kujiamini. Paa linakuwa nene kama chapati ya kwanza. Tairi zinavimba. Taa za mraba zinakuwa duara. Juu ya boksi kuna picha nzuri, ndani kuna gari la binamu yake.

Siku yangu ya kwanza niliingia pale kama adhabu. Wakati huo nilikuwa nafuatana na Mama kwenda Shisanhang, kwenye maduka ya nguo za jumla, ili nimtafsirie. Mama ni mfanyabiashara wa nguo, ametoka Mbeya, na Kichina chake kina maneno mawili tu, "ghali sana" na "sitaki", ambayo kusema kweli humtosha mara nyingi. Siku hiyo aliniambia, "Barnaba, mwambie huyu mwizi apunguze." Nikamtafsiria laoban, yaani mwenye duka, neno kwa neno, kama tunavyofundishwa shuleni. Tulitoka pale na mifuko mitupu. Kesho yake Mama alinipandisha ngazi za Shifu Liang, waliyefahamiana naye kwa kupishana uchochoroni, akasema, nami nikalazimika kutafsiri, "Huyu kaa naye. Mpe kitu kisichokuwa na mdomo."

Shifu alinipa paa la gari na kipande cha msasa. Nikalisugua saa mbili nzima. Kisha alilichukua lile paa, akafumba macho, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, akasema kwa Kiswahili: "Bado."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe alilidaka neno hilo kule uchochoroni kutoka kwa Mama, ambaye wateja humpigia simu kutwa kuuliza kama mzigo umeondoka, naye hujibu "bado" kwa sauti ileile tamu. Shifu alikuwa na Kiswahili cha neno moja, na neno lenyewe nililisikia mpaka nikaliota. Bado. Bado. Nikasugua tena.

Vifaa si vingi, Salma, kwa hiyo usimsumbue mama yako akununulie vya kung'aa. Kisu chembamba chenye ncha. Msasa wa aina nne, kuanzia ule unaoparuza mpaka ule laini kama kitambaa. Gundi nyepesi kama maji, ambayo haishiki vitu, inaviyeyusha vikawa kimoja. Wiki ya pili niliyeyusha kidole changu kwenye boneti, nikaenda nayo nyumbani. Karatasi ya plastiki nyeupe ya kukatia kitu chochote ambacho kiwanda kilisahau. Udongo wa kuzibia. Kipimio cha chuma. Halafu picha za gari lenyewe, nyingi iwezekanavyo. Picha moja haitoshi. Hili nalisema kwa uchungu, na uchungu wenyewe ndio huu unaofuata.

Miezi minne iliyopita, siku ya Jumamosi, alikuja Anti Zuhura. Anti Zuhura ni mfanyabiashara kutoka Tanga, huja Guangzhou kununua vifaa vya umeme, na Mama ndiye aliyemwelekeza kwetu. Alikaa kwenye kiti changu bila kuuliza, akafungua simu, akanionyesha picha.

Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Kijana mwembamba ameegemea gari dogo la milango minne la Kijapani. Gari lenyewe halina taa, limezibwa kwa mabati. Halina vioo. Ndani limefungwa mabomba ya chuma ili likipinduka dereva asigeuke maandazi. Kwenye mlango namba nane kubwa. Magari kama hayo yalikuwa ya kawaida kabisa, ya kwenda nayo kazini, yaliyovuliwa viti na kupelekwa kuzunguka kwenye duara la vumbi huku yakigongana.

"Huyu baba yangu," alisema Anti Zuhura. "Walikuwa wakishindana kwenye uwanja wa shamba la mkonge, mafundi wa gereji kwa mafundi wa gereji. Sasa macho yameondoka, mwaka wa pili huu. Haoni hata mwanga. Amekuwa mkimya, mwanangu, anakaa tu. Ukimsikia anaongea ujue anasimulia gari lile. Na wajukuu hawamwamini. Wanamwambia, babu, wewe na mashindano wapi na wapi?"

"Anataka tumtengenezee?"

"Yeye hajui. Mie ndiye ninayetaka." Akapunguza sauti. "Mwaka jana nilimpelekea kigari cha sokoni. Akakishika, akakigeuza, akaniambia, asante mama, ni gari zuri, la nani? Nilikwenda kulia jikoni. Safari hii nataka akishika tu, ajue ni lake. Akisema tena la nani, nitakuwa nimemcheza shere baba yangu mara mbili."

Nilimtafsiria Shifu yote, pamoja na jikoni. Shifu akaenda kwenye rafu, akashusha boksi. Ndani yake lilikuwemo gari lilelile, tena likiwa tayari la mashindano, namba tofauti tu. Anti Zuhura alikuwa anaondoka Alhamisi jioni. Tukapokea kazi.

Tumaini, hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na si kwa sababu ya muda. Ni kwa sababu mtu asiyeona humdanganyi. Mtu mwenye macho unampaka rangi nyekundu inayong'aa, anasahau kwamba paa limekaa juu kama kofia ya mpishi. Huyu angekuja na vidole. Shifu alizisukuma chupa za rangi mwisho wa meza, akaniambia nifumbe macho na nilikague gari la boksini kwa mikono. Niliona aibu kwanza, nikaona kama mchezo wa chekechea. Baada ya nusu saa nilikuwa nimepata makosa ambayo macho yalikuwa yameyapita: boneti ilikuwa bapa kabisa wakati kwenye picha ilikuwa na mgongo katikati, ukingo wa tairi ulikuwa mkali, na bampa la nyuma lilikuwa limejaa kingo za kumchoma mzee wa watu.

Nilianza na namba. Stika haina maana kwa kidole, kwa hiyo nilikata nane mbili kwenye plastiki nyeupe nikazibandika milangoni, zikasimama juu ya bati. Paa tulilikata kwenye nguzo zake zote, tukalishusha milimita moja na nusu. Mgongo wa boneti niliujenga kwa udongo. Mabomba ya ndani yalikuwa membamba kama vijiti vya meno, nikayatoa, nikaweka mengine.

Halafu nikakutana na kosa kubwa kupita yote. Kiwanda kilikuwa kimeweka usukani upande wa kulia. Nikatazama picha: upande wa kushoto. Mzee mwenyewe ameegemea mlango wa dereva, na usukani unaonekana wazi dirishani, kushoto. Nikacheka mpaka Shifu akageuka. "Hawa wamekosea mpaka usukani!" Nikatoa dashibodi, nikaigeuza, nikahamisha kiti. Bomba la moshi kwenye picha lilitokea chini ya mlango huohuo, nalo nikalihamishia kushoto. Madigadi ya nyuma, ubavu huohuo, ilikuwa imebonyea vibaya. Nikaipasha plastiki moto juu ya mshumaa, nikaibonyeza kwa mgongo wa kijiko, ikatoka sawasawa na ya pichani. Jumatatu nikamtumia Anti Zuhura ujumbe wa sauti: "Anti, kiwanda kilikosea hata usukani, lakini usijali, nimewarekebisha." Nimeusikiliza tena ule ujumbe wiki hii. Sauti ya mtu anayejipenda sana.

Jumanne saa kumi alasiri Mama alipanda kutuletea wali. Gari lilikuwa katikati ya meza, bila rangi, limekamilika. Akalitazama. Akaitazama picha, ambayo nilikuwa nimeichapisha kubwa na kuibandika ukutani.

"Hili gari la wapi?"

"La Tanga, Mama. La baba yake Anti Zuhura."

"Tanga gani hiyo dereva anakaa kushoto?"

"Mama, dereva si huwa anakaa kushoto?"

"Wapi?"

"Kila mahali. Teksi. Basi la shule. Hapa nje."

Mama aliweka wali chini. "Barnaba. Mwanangu. Hapa nje ni China."

Utetezi wangu ni huu. Mbeya niliondoka nikiwa na miaka minne. Magari yote niliyopanda na kukumbuka yana dereva kushoto. Shifu Liang naye maisha yake yote hajawahi kuona dereva akikaa kwingine. Tulikuwa mafundi wawili, macho manne, tumeitazama picha ile siku tatu, na hakuna aliyeshtuka. Mwuza nguo alishtuka kabla wali haujapoa.

Nilijaribu kupambana. "Labda gari lenyewe lilitoka nchi nyingine. Picha haidanganyi, Mama."

"Sogea." Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kuigusa, kama anavyofanya akikagua mshono. "Hili shati la kiume. Shati la kiume mfuko uko kushoto, juu ya moyo. Huyu mfuko wake uko kulia. Na vifungo, ona, vimelaliana kike. Nimeuza mashati miaka kumi na mitano, sijaona hili. Huyo baba wa watu hakuvaa blauzi kwenda kwenye mashindano. Picha imegeuzwa."

Nikampigia Anti Zuhura simu palepale. Akasema ile iliyokuwa ukutani kwao iliharibika kwa unyevu, ndugu yake akatafuta negativu, ile filamu ya picha yenyewe, kijana wa studio akaisafisha upya. Basi kijana wa studio aliiweka kinyume. Namba nane, hata ukiigeuza, inabaki nane. Ingekuwa namba tatu ningeona. Nilimwuliza Anti kama yeye hakuwahi kugundua.

"Mie, mwanangu," alisema, "katika picha ile huwa namtazama baba. Gari sijawahi kulitazama."

Kwa hiyo kiwanda kilikuwa sahihi. Kwenye usukani kilikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyelitia gari kosa, nikalitia kwa ustadi, nikalipiga msasa. Usukani ungerudi. Bomba la moshi lingerudi. Ila ile madigadi niliyoibonyeza kwa moto, plastiki yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilijaribu kuinyoosha, ikapasuka. Nilikaa pale na ufa mkononi. Nilikuwa nawaza vidole vya yule mzee vikitafuta dereva upande wa abiria, halafu akisema asante kwa adabu.

Shifu aliniuliza kilichotokea, nikamweleza. Hakufoka. Aliburuta kiti, akapanda, akatoa juu ya kabati boksi lingine la gari lilelile, bado limefungwa kwa nailoni yake. Nililijua. Lilikuwa lake mwenyewe, alilinunua ujanani, halitengenezwi tena, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa haliuzwi.

"Shifu, hilo ni lako."

"Yule baba yuko hai leo," alisema, akaichana nailoni kwa ukucha.

Jumanne ile na Jumatano baada ya shule tulirudia kila kitu. Yeye alikata paa, mimi nilikata namba. Mama alishika vipande vikikauka, na kila nilipoinua kijiko aliuliza, "Kulia?" nami nikajibu, "Kulia, Mama," kama mtu anayekula kiapo. Alhamisi asubuhi niliumwa tumbo, shule iliarifiwa, tukapaka rangi tabaka moja, jembamba, lisizibe kingo. Shifu alifumba macho, akalipitia gari zima kwa kidole gumba. Nilisubiri lile neno. Hakulisema. Alilifunga gari kwenye pamba.

Nililipeleka mwenyewe kwa treni ya metro mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, nimelipakata kama mtoto mchanga. Anti Zuhura alikuwa kwenye foleni na masanduku manne.

"Ukimpa usimwambie ni nini," nilimwambia.

"Sisemi. Nitamwekea mikononi tu." Akalitazama boksi kwa wasiwasi. "Safari hii ndilo?"

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nikasema, "Sijui, Anti. Tumefanya tulivyoweza."

Jumamosi mchana simu iliita, ya video. Mimi, Mama, Shifu na Tumaini tukabanana mbele ya kioo kimoja cha simu. Kule Tanga ilikuwa asubuhi. Baba yake Anti Zuhura, Mzee Athumani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao barazani, kofia kichwani, mikono magotini. Anti Zuhura alikuwa ameegesha simu mahali. Tukaona mikono yake ikiingia kwenye picha, ikamwekea gari kwenye mapaja, ikatoka.

Mzee alianza mbele. Vidole vilipita kwenye mabati ya taa, vikapanda boneti, vikasimama pale kwenye mgongo. Vikashuka ubavuni, vikaikuta namba, vikaizunguka, duara la juu, duara la chini. Vikaenda nyuma upande wa kulia, vikatumbukia kwenye bonde la madigadi, na hapo akatoa pumzi puani kama mtu anayecheka bila kutaka. Kisha vikarudi mbele. Aliingiza kidole kimoja kwenye dirisha la kulia, taratibu, mpaka kikagusa usukani. Kikabaki hapo.

Na mkono wake wa kushoto ukashuka. Ukashuka kando ya kiti, ukakunja vidole hewani, ukasukuma mbele, ukarudi nyuma, ukasukuma pembeni. Alikuwa anabadilisha gia. Nyuma ya simu tulimsikia Anti Zuhura akivuta kamasi.

"Zuhura," alisema mzee. "Aliyelifufua ni nani?"

"Yupo kwenye simu, baba. Anakusikia."

"Shikamoo babu," nilisema.

"Marahaba, fundi. Sikiliza. Gia ya tatu inagoma. Usiisukume moja kwa moja. Ivute kwanza hivi, ndipo uipeleke." Na mkono wake wa kushoto ukaonyesha.

Shifu akanivuta mkono: amesema nini? Nikamtafsiria neno kwa neno. Shifu hakucheka. Akasogeza kiti nyuma, akashusha mkono wake wa kushoto, mtu ambaye maisha yake yote gia zote alizoziona ziko kulia, akauvuta, akaupeleka.

"Mwulize," aliniambia. "Hivi?"

"Babu, Shifu anauliza, hivi?"

"Sioni, mwanangu," alisema Mzee Athumani, na sasa alikuwa anacheka waziwazi. "Lakini mwambie asiilazimishe."

Shifu akarudia, polepole zaidi.